Nani Ataketi Karibu Naye?

Mwezi uliopita tulisafiri kwa boti kutoka Kalundu, bandari ya Uvira, kwenda Baraka, maana mvua zilikuwa zimeharibu barabara ya Makobola na magari hayakuweza kupita. Boti ilijaa watu na vitu: masanduku ya sabuni, magunia ya chumvi, mabati ya mtu mmoja aliyekuwa akijenga nyumba huko Mboko, na kuku waliofungwa miguu. Tulikuwa tumekwisha kukaa tulipomwona mwanamke kijana akija kuingia. Amevaa buibui jeusi, amebeba mtoto mgongoni, na mkononi ameshika mkoba mkubwa. Kijana mmoja katika wale wapanga mizigo akapaza sauti: "Mama, fungua mkoba kwanza tuone. Kama una bomu ndani, utushushe kabla hujalipua!"

Watu wakacheka. Wengine walicheka kwa kuwa jambo liliwafurahisha, wengine kwa kuwa wenzao wamecheka. Sisi tunaoandika ukurasa huu hatukucheka, lakini wala hatukusema neno. Tuligeuza uso tukatazama maji, kama kwamba siku ile maji ya Tanganyika yalikuwa na jambo jipya.

Yule mwanamke akaufungua mkoba. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumdai afungue, naye aliufungua. Mlikuwa na nguo za mtoto, kadi ya kupimia uzito, chupa ya maji, na andazi katika karatasi. Akaufunga, akasimama, maana kila mtu juu ya mabao alikuwa ametanua magoti kidogo na nafasi haikuonekana. Hapo bibi mmoja mzee, mwenye rozari shingoni, akavuta kitenge chake alichokuwa amekitandika, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Njoo hapa, mwanangu. Nipe huyo mtoto nimpakate." Kisha akamgeukia yule kijana. "Na wewe, mwanangu, mbona mimi hukuniambia nifungue mkoba wangu? Ni mkubwa kupita wake."

"Ni mchezo tu, Bibi."

"Haya, basi ucheze na mimi."

Kijana akainama, akashika kamba zake. Mpaka Baraka mtoto alilala mapajani pa yule bibi, na hakuna aliyezungumza tena habari za mabomu.

Mtatuambia: ni jambo dogo, siku imepita. Ni kweli ni dogo. Lakini tangu siku ile hatukuacha kulifikiri, na zaidi twafikiri maji yale tuliyoyatazama.

Kwetu Uvira hatupigani kwa ajili ya dini. Wakristu na Waislamu twakaa ua kwa ua, tena katika jamaa nyingi mama ni wa dini hii na shangazi ni wa dini ile. Wavuvi wa ndagala huvuta wavu mmoja usiku, na taa zao haziulizi nani amebatizwa. Kwa hiyo twapenda kusema kwamba kwetu hakuna ubaya. Walakini sikilizeni maneno yanayosemwa sokoni, shuleni, na hata uani kwetu baada ya Misa. Ati Waislamu wana majini. Ati Waislamu hawapendi kusoma. Ati mtu wa msikitini usimkopeshe. Ng'ambo ya mpaka, katika Burundi na Rwanda, neno "muswahili" kwa watu wengi maana yake ni Mwislamu, na papo hapo maana yake ni mtu wa hila, mwongo wa mjini. Neno hilo limetufikia nasi. Twalitumia bila kuona haya, hali gazeti hili mnalolishika mkononi limeandikwa kwa Kiswahili, na kila jioni twasali kwa maneno yaliyotujia kwa njia ya Waislamu wa pwani: sala, imani, dhambi, rehema, baraka, malaika. Hata neno la kwanza la "Salamu Maria" ni lao kama ni letu.

Baba mmoja mwenye nyumba ya kupangisha alitujia na shauri lake. Amekataa kumpa chumba fundi cherehani Mwislamu, na sasa dhamiri yamsumbua. Tulimwuliza kama anamwogopa mtu huyo. Akajibu, "Hapana, namjua tangu utoto, ndiye aliyenishonea suti ya arusi." Je, halipi? "Hulipa vizuri." Basi kwa nini? Akanyamaza, kisha akasema: "Majirani watasema nimeleta watu wa namna ile uani." Tumelishika jibu hilo, maana ndani yake mna ugonjwa wote. Moyoni mwake baba huyu hana chuki hata kidogo. Anaogopa kuonekana.

Yafaa tuseme kwa haki kwamba hofu ya watu haikutoka hewani. Huko kaskazini, katika nchi ya Beni na Ituri, kundi la ADF, lililozaliwa Uganda katika miaka ya 1990, limeua raia wengi mno tangu mwaka 2014, na tangu 2019 dola ile ijiitayo ya Kiislamu imedai mauaji hayo kuwa yake. Mnakumbuka Komanda, Julai 2025, Wakristu waliouawa kanisani katika mkesha wao. Mtu anayelia wafu wake hatumwambii anyamaze. Lakini na hili lisemwe pia: tarehe 1 Mei 2021, katika msikiti mkubwa wa mji wa Beni, Shehe Ali Amini alipigwa risasi wakati wa sala. Alikuwa akiwahubiria watu waziwazi dhidi ya wauaji hao. Mwezi ule ule imamu mwingine akauawa huko Mavivi, karibu na Beni. Tulihesabu wafu wetu, na hao wawili wengi wetu hatukuwahesabu. Mwanamke wa Kalundu na watu waliompiga risasi shehe wake hawana undugu, ila sisi twawapa.

Kuna na hofu iliyo ya zamani zaidi, tuliyorithishwa. Wazungu Burton na Speke walipofika Uvira, mwezi wa Aprili 1858, walikuta wafanya biashara wa pwani wamekwisha kufika kabla yao kununua pembe na watu. Baadaye Rumaliza wa Ujiji alitawala sehemu kubwa ya ziwa, na misafara yake ilitisha vijiji. Misheni za kwanza za ziwa letu, kama Kibanga na Mpala, zilianza pamoja na watoto waliokombolewa utumwani, na Kapteni Joubert alishika silaha kuwalinda watu wa Mpala na Mrumbi. Mambo haya ni kweli, na wazee wetu waliyasimulia kwa machozi. Lakini wale waliofungwa minyororo nao walikuwa na watoto, na si wote walilelewa misheni. Wengi walikulia katika kambi za misafara, wakashika dini waliyoikuta huko. Kwa hiyo Mwislamu wa Uvira leo aweza kuwa mjukuu wa mtumwa kama wewe Mkristu ulivyo mjukuu wa mtumwa. Tena upande mwingine wa nchi yetu, kwenye mdomo wa mto Kongo na huko Luanda, waliowapakia watu merikebuni kwa mamia ya miaka walikuwa Wakristu, na mara nyingi padri aliwabatiza mateka kabla tanga halijatwekwa. Hatujasikia mtu akimwambia Mkristu wa Uvira afungue mkoba kwa ajili ya hilo.

Na lile neno la kwamba hawasomi? Wakati wa Wabelgiji shule zilikuwa karibu zote mikononi mwa misheni. Serikali ilianza kufungua shule zake kwa Waafrika, zisizo za dini, mwaka 1954 tu. Baba Mwislamu alikuwa na njia mbili: ampeleke mwanawe shule ya Padri, ambapo huenda atarudi na jina jingine, au ambakize chuoni kwa mwalimu wa Korani. Wengi walichagua chuo. Nasi tulioshika mlango twashangaa leo kwamba walibaki nje! Siku hizi kuna shule za Waislamu zinazotambuliwa na serikali, na watoto wa Kikristu husoma humo bila neno. Twajua jamaa kadhaa.

Msomaji mmoja atatujibu kwamba dini huonekana kwa matunda yake. Sawa, lakini afikirie kwanza kabla hajaweka kipimo hicho, maana kitarudi kwetu. Mwaka 1994, jirani hapa Rwanda, kanisa la Nyange liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu wapatao 1500 waliokimbilia ndani, na paroko wao, Padri Athanase Seromba, alikuwapo. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mwaka 2006, na mwaka 2008 rufani ikampa kifungo cha maisha. Siku zile zile, Waislamu wengi wa Rwanda waliwaficha watu waliowindwa, wakawalisha, wakakataa kuwatoa. Hatusemi wote. Hassan Ngeze, aliyeandika gazeti la chuki Kangura, alikuwa Mwislamu, naye alihukumiwa Arusha. Twasema tu kwamba hakuna kati yetu atakayekubali kuitwa "mtu wa Seromba" kwa sababu ana rozari shingoni. Yule bibi wa botini alikuwa na rozari ile ile.

Sasa twawaomba mtoke nasi kidogo katika ziwa letu, twende mpaka Kenya, upande wa Mandera, karibu na Somalia. Novemba 2014 wauaji wa Al-Shabaab walilisimamisha basi, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakaua watu 28. Mwaka mmoja ukapita. Tarehe 21 Desemba 2015, siku nne kabla ya Noeli, walisimamisha basi jingine karibu na El Wak, wakatoa amri ile ile: Waislamu huku, wengine kule. Safari hii Waislamu walikataa kutengwa. Wakasema ama muwaue wote, ama mtuache wote. Wanawake Waislamu walikuwa wamewapa wanawake Wakristu mitandio yao wajifunike, wasitambulikane. Mwalimu mmoja, Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi katika mkasa huo, akafa Nairobi mwezi wa Januari 2016. Watu wawili waliuawa siku ile ya basi, waliobaki walifika.

Fikirini, akina mama, kitambaa kile. Botini Kalundu kilileta kicheko. Katika njia ya Mandera kilikuwa juu ya vichwa vya Wakristu, na waliokitoa walikuwa Waislamu.

Hatumwombi mtu wa Uvira afe kama Mwalimu Farah. Twasema hivi: hata yeye alifanya tendo la namna moja na lile la bibi yetu. Wote wawili walikataa, mbele za watu, kuhesabiwa mbali na mwenzao. Tofauti ni bei. Na hapa ndipo tunapojiona sisi kuwa na deni, maana wema wetu mwingi kwa Waislamu ni wema wa usiku. Jirani akifiwa twampelekea unga kwa mlango wa nyuma. Siku ya Idi twapokea sinia la pilau, twala, twarudisha sinia limeoshwa, wala hatumwambii mtu. Lakini neno baya husemwa mchana, sokoni, kwa sauti, na kila asikiaye hupata somo. Yule mwanamke, kama bibi angemfuata baadaye gatini Baraka na kumnong'oneza "pole", angefarijika, ndiyo. Lakini kijana wa mizigo na wale waliocheka, na watoto waliokuwa wakitazama jinsi wakubwa wanavyocheka, wasingejifunza lolote.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya dini nyingine, uliwasihi Wakristu na Waislamu wasahau magomvi ya kale na kujitahidi kwa moyo kuelewana. Sasa ni zaidi ya miaka 60. Barua ya maaskofu hufika mbali, lakini haiingii botini, wala haiketi juu ya bao. Ni lazima mtu aketi.

Basi twawaomba wazazi jambo linalowezekana. Mtoto akirudi nyumbani na lile neno "muswahili" katika maana yake mbaya, asicheke baba. Amwulize mtoto, mbele ya ndugu zake, ni nani aliyemfundisha, na huyo fundi anayetushonea je, na yule Mama Amina wa jirani je? Msichana akidhihakiwa njiani kwa ajili ya ushungi, binti yako atembee naye kesho yake, upande wake, mpaka mlango wa shule. Yule baba mwenye nyumba tulimwambia ampe fundi chumba, tena siku ya kuhamia amsaidie mwenyewe kubeba cherehani, mchana, kwa njia ya mbele. Alikuna kichwa. Hatujajua bado amefanya nini.

Tena kuna habari ya nyama, ambayo mmetuandikia mara nyingi, nasi tulikuwa tukiikwepa. Desturi ya wazee wetu wa ziwani ilikuwa wazi: kama kuna wageni Waislamu, mwite Mwislamu achinje, ili wote wale chungu kimoja. Siku hizi wako Wakristu wasemao kwamba nyama hiyo ni haramu kwao, kwa kuwa imetajiwa mungu mwingine. Hatuoni msingi wa neno hilo. "Allah" ni Mungu kwa Kiarabu, na Wakristu Waarabu wa Lebanoni na Misri humwita hivyo hivyo katika Misa zao. Na katika Geita, Tanzania, ugomvi wa nani achinje uliwahi kumwaga damu ya watu, Februari 2013. Damu ya watu kwa ajili ya damu ya mbuzi!

Mwaka jana tulialikwa arusi huku Uvira, jamaa ya Kikatoliki, na jamaa ya bwana arusi nusu yao walikuwa Waislamu kutoka pande za Fizi. Asubuhi mbuzi watatu wamefungwa mtini. Mjomba wa bibi arusi, mtu mwema lakini mkali, akasema kwamba Mwislamu hatachinja katika ua wa dada yake. Wageni walikuwa wamekwisha kufika, wakasikia. Kimya kikatanda, na kila mtu akatafuta mahali pa kutazama. Sisi twaijua kazi hiyo. Mama wa bibi arusi akatoka jikoni, amefunga kanga kiunoni, mikono ina unga. Hakumjibu kaka yake. Alichukua kisu, akakishika kwa upande wa makali, akampelekea mpini mzee mmoja Mwislamu, jirani yake wa miaka mingi, akasema: "Mzee wangu, wageni wana njaa. Tusaidie."

Mzee akachinja. Mjomba hakugusa nyama siku ile, nasi hatutawaambia kwamba aligeuka ghafula akawa mtu mwingine. Alikula wali na ndagala, na alipoulizwa na vijana kwa nini, akasema kwamba ndagala hachinjwi na mtu wa dini yoyote. Watu wote wakacheka, na mzee aliyechinja akacheka kupita wote, akamsogezea sahani ya pilipili.